Kuimba kwa Filimbi: Namna ya Kukuza Sauti Yenye Hisia kwa Mahadhi ya Waimbaji

Mwanafunzi wa filimbi anayejifunza hapa Tanga, awe anaishi Ngamiani, Chumbageni au Makorora, kwa kawaida huanza kwa kufundishwa mahali pa kuweka vidole na namna ya kupanda na kushuka skeli. Mafunzo hayo ni ya lazima, wala mwongozo huu hauyapingi. Hata hivyo, wanafunzi wengi hufika mahali ambapo vidole vimekuwa vyepesi na kila noti inatoka bila kukwaruza, lakini msikilizaji haguswi, kwa kuwa wimbo umenyooka tangu mwanzo hadi mwisho bila kuinuka wala kutua. Dawa wanayopewa mara nyingi ni kupuliza noti ndefu. Noti ndefu huimarisha midomo na pumzi, lakini noti inayosimama peke yake haina inakotoka wala inakokwenda, na kwa sababu hiyo haiwezi kumfundisha mtu namna ya kusema jambo kwa sauti. Anayeweza kumfundisha hilo ni mwimbaji, na chombo cha mafunzo hayo ni wimbo wenye maneno.

Filimbi ninayoikusudia ni ile ya madini inayopulizwa ubavuni, yenye vipande vitatu, yaani kichwa, kiwiliwili na mguu, na urefu wa takriban sentimita 67. Mwenye filimbi ya mwanzi anaweza kuyafuata karibu yote yaliyomo humu, isipokuwa yale yanayohusu vidole. Nai ya taarabu, ambayo hupulizwa kwenye ncha, ina njia yake ya kuweka midomo, lakini kanuni za pumzi na za maneno zinabaki zilezile.

Kumfanya mwimbaji kuwa mwalimu wa mpiga filimbi si jambo geni hata huko filimbi hii ilikoundwa. Theobald Boehm (1794–1881), fundi na mpiga filimbi wa Munich aliyebuni mfumo wa vitufe tunaoutumia hadi leo kwa filimbi zake za mwaka 1832 na 1847, alishauri katika uzee wake kwamba mpiga filimbi ajifunze nyimbo za waimbaji pamoja na maneno yake, ili ajue kwa hakika wapi ulimi uguse, wapi noti ziunganishwe na wapi pumzi ivutwe. Mfaransa Marcel Moyse (1889–1984), mmoja wa wanafunzi wa mwalimu wa filimbi Paul Taffanel, alipiga filimbi kwa miaka mingi katika okestra ya Opéra-Comique mjini Paris, na akiwa kitini pake aliwasikiliza waimbaji na kuiga waliyoyafanya. Baadaye aliwafundisha wanafunzi wake, Ufaransa na kisha Marekani, kwa mahadhi ya opera, akiwataka wayapige katika funguo nyingi, za chini na za juu, huku wakilinda rangi ileile ya sauti. Sisi hatulazimiki kutumia nyimbo za opera. Tunachokichukua kwao ni njia, kwa kuwa nyimbo zenyewe tunazo, tena zilizotungwa katika lugha ambayo irabu zake ziko wazi na mkazo wake haumbahatishi mtu.

Kuchagua wimbo

Wimbo wa kuanzia uwe wa polepole, uwe na maneno unayoyaelewa yote, na noti yake ya chini kabisa na ya juu kabisa zisiachane kwa zaidi ya oktavu moja. Nyimbo za kubembeleza watoto zinafaa sana kwa sababu pumzi zake ni fupi na hazina haraka. Nyimbo za akina mama katika lelemama zinafaa kwa sababu kiitikio hurudi mara nyingi, na kila kinaporudi unapata nafasi ya kukisema kwa namna tofauti. Walio katika kwaya za makanisa wana vitabu vya nyimbo vilivyoandikwa kwa solfa, na hizo pia ni mali nzuri ya mazoezi. Adhana na kisomo cha Kurani viachwe: mtu anaweza kuvisikiliza na kujifunza jinsi pumzi ndefu inavyotunzwa, lakini kuvipiga kwa ala ni kukosa adabu kwa dini na kwa majirani.

Kwa anayependa taarabu, Tanga ni mahali pa bahati. Vikundi vya hapa kama Black Star na Lucky Star viliipa taarabu magitaa na mwendo uliotambulikana pwani nzima, na Bi Shakila Saidi, aliyeimba na vikundi hivyo vyote viwili, ameacha rekodi ambazo mpiga filimbi anapaswa kuzisikiliza, kwanza kwa ajili ya maneno na baadaye kwa ajili ya sauti. Sikiliza mahali anapovuta pumzi. Sikiliza neno lipi analikawiza na lipi analipitia kwa wepesi. Usijishughulishe bado na vyombo vinavyomsindikiza.

Ukimpata bibi au shangazi anayezijua nyimbo za zamani, mwendee kwa heshima, mpe shikamoo yake, kisha umwombe akuimbie, si akutajie maneno tu. Wengi wa wazee hao hawakusoma noti, lakini yale wanayoyafanya bila kuyafikiria, kama kulichelewesha neno moja katikati ya mshororo au kuishusha sauti kabla ya kiitikio, ndiyo hasa unayoyatafuta, na hakuna karatasi inayoweza kuyaandika yote.

Ili maelezo yafuatayo yawe na mfano wa kushikika, nimetunga mshororo mmoja wenye mizani 16, yaani silabi 16, nane za ukwapi (kipande cha kwanza) na nane za utao (kipande cha pili), kama ilivyo desturi ya shairi:

Upepo unapuliza, mashua inarejea.

Kwa solfa, silabi moja kwa noti moja, uimbwe hivi: d r m m f s l s, kisha s f m m r d r d. Ukiifanya G ya oktavu ya kwanza kuwa do, utapata G, A, B, B, C, D, E, D kwa ukwapi, na D, C, B, B, A, G, A, G kwa utao. Ni mahadhi mepesi, lakini ndani yake mna karibu kila tatizo ambalo mwongozo huu unalizungumzia.

Kuimba kabla ya kupuliza

Iweke filimbi mezani. Uimbe mshororo huo kwa sauti yako mwenyewe, hata kama hujioni kuwa mwimbaji, kwa mwendo wa nusu sekunde kwa kila silabi, yaani sekunde nane kwa mshororo mzima. Anayeona haya kuimba na aimbe kwa sauti ndogo, lakini asiache, kwa kuwa hatua hii haina badala yake. Mtu asiyeweza kuuimba mshororo na kuufanya ueleweke hataweza kuueleza kwa filimbi. Atakachofanya ni kupanga vidole tu.

Unapoimba, weka kiganja kimoja chini ya mbavu na uangalie mambo matatu. Pumzi inatoka kwa kiasi gani mwanzoni, na imebaki kiasi gani unapofika kwenye neno «inarejea»? Koo linakaza unapopanda kwenye silabi «li»? Na sauti yako inafanya nini kwenye silabi ya mwisho ya kila kipande? Baada ya hapo sema mshororo uleule bila kuuimba, kama mtu anayempa mwenzake habari kwamba mashua imeonekana. Utagundua kwamba ukiusema kwa dhati, sauti yako inapanda na kushuka yenyewe, na maneno mawili au matatu yanapewa uzito kuliko mengine. Rudia kuuimba ukiuhifadhi uzito huo.

Sasa chukua kichwa cha filimbi peke yake, uimbe mshororo moyoni, na upulize noti moja tu kwa mdundo wa maneno yale. Mahadhi hayapo, vidole havipo. Kilichobaki ni pumzi na ulimi. Msikilizaji aliye chumbani angeweza kukisia wapi neno linaanza na wapi linaishia? Hicho ndicho kipimo. Usiunganishe filimbi nzima mpaka jibu liwe ndiyo.

Ulimi ufuate silabi

Hapa ndipo Kiswahili kinapomsaidia mpiga filimbi, na ni sehemu ninayoiona kuwa na faida kubwa kuliko zote. Vitabu vya filimbi hufundisha kuanza noti kwa silabi kama «tu», «du» na «lu», ambapo «tu» ni mguso mkali, «du» ni laini, na «lu» ni laini zaidi. Mwanafunzi huzisoma kama mazoezi ya ulimi yasiyo na maana, kisha hupiga kila wimbo kwa «tu» kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini wimbo wenye maneno unakuambia wenyewe mguso upi utumike. Silabi inayoanza kwa konsonanti ngumu kama t, k, p au ch inaweza kupewa «tu». Inayoanza kwa d, m, n, j, b au sh inapewa «du». Inayoanza kwa l, r, w au y inapewa «lu». Na silabi ya irabu tupu iunganishwe na iliyotangulia bila ulimi, isipokuwa noti inaporudiwa palepale.

Uchukue utao wetu, «mashua inarejea». Silabi «ma» inaanza kwa «du», na «shu» vivyo hivyo, ila kwa mguso mwepesi zaidi kwa kuwa hewa ya «sh» haikatiki. Silabi «a» inafuata bila ulimi, vidole tu vikihama kutoka C kwenda B. Kisha inakuja «i», ambayo iko kwenye B ileile. Ukiiacha bila mguso, noti mbili zitakuwa moja na neno «mashua» litamezwa. Ukiigusa kwa «tu», utakuwa umeweka ukuta kati ya maneno mawili ambayo mwimbaji angeyapitisha kwa pumzi moja. Mguso unaofaa ni «lu» iliyo hafifu kabisa, hewa ikiendelea kutoka. Silabi «na» ni «du», «re» ni «lu», «je» ni «du», na «a» ya mwisho imeunganishwa. Katika ukwapi tatizo hilohilo liko kati ya «po» na «u», na litatuliwe kwa njia hiyohiyo.

Ufanye mazoezi haya polepole, ukiandika miguso chini ya maneno kwa penseli. Baada ya siku chache utaacha kuiandika, kwa sababu ulimi utakuwa umeanza kulisoma neno.

Mkazo na mwisho wa neno

Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kila msemaji anajua hivyo bila kufundishwa, lakini akishika filimbi husahau, na huisukuma hewa kwenye silabi ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyo mbele ya pumziko. Matokeo yake ni kwamba kila kipande kinaishia kwa kishindo, na wimbo unasikika kama umetungwa katika lugha isiyojulikana. Katika mshororo wetu, uzito uwe kwenye «li» ya «unapuliza» na «je» ya «inarejea». Noti hizo zipewe muda kidogo zaidi, hewa kidogo zaidi, na silabi inayofuata ishuke kutoka hapo bila kusukumwa. Usiongeze hewa ghafla kwenye silabi yenye mkazo. Anza kuiongeza silabi mbili kabla, ili msikilizaji ahisi neno linaelekea mahali.

Si kila mkazo una uzito sawa. «Upepo» na «mashua» ni majina ya vitu vinavyotajwa. «Unapuliza» na «inarejea» ndiyo habari yenyewe. Mimi ningeupa «inarejea» uzito mkubwa kuliko neno lolote la mshororo huu, ingawa noti zake ziko chini ya zile za «unapuliza», kwa sababu anayengoja ufukweni anangoja neno hilo. Mwingine anaweza kuona vingine, na asilazimishwe. Kilicho muhimu ni kwamba uamuzi ufanywe kutokana na maneno, usiachiwe noti iliyo juu zaidi ijichukulie uzito kwa kuwa tu inahitaji hewa nyingi.

Tabu kubwa iko kwenye silabi ya mwisho. Mwimbaji akiipunguza sauti yake mwishoni mwa mshororo, kimo cha sauti hubaki palepale. Filimbi haina hisani hiyo: hewa ikipungua kasi, noti hushuka, na G ya mwisho ya «inarejea» itasikika imezama kabla haijanyamaza. Kinyume chake, ukipuliza kwa nguvu noti hupanda. Ili kunyamazisha bila kuzamisha, tundu la midomo lipunguzwe badala ya kupunguza kasi ya hewa. Pembe za midomo zisogee mbele kidogo, taya lisogee mbele pamoja nazo, na mkondo wa hewa uinuke kidogo kuelekea ukingo wa mbali wa tundu la kupulizia. Misuli ya tumbo isiachie mpaka sauti imekwisha kabisa. Fanya zoezi hili kwa noti mbili tu, A na G, ukiimba «je-a» moyoni, huku programu ya kupimia sauti ikiwa wazi kwenye simu. Sindano ikianza kushuka kabla sauti haijaisha, rudia. Watu wengi huhitaji wiki kadhaa kwa noti hizi mbili, na muda huo si wa kupotea, kwa sababu kila wimbo utakaoupiga maishani una mwisho wa neno.

Irabu kinywani

Inafaa kueleweka kwamba sauti ya filimbi huzaliwa nje ya kinywa, pale ambapo mkondo wa hewa unagonga ukingo wa mbali wa tundu. Kwa hiyo kinywa na koo havibadilishi sauti ya filimbi kwa kiasi kile vinavyoibadilisha sauti ya mwimbaji, na msikilizaji hatasikia «a» au «i» iliyo wazi. Hata hivyo, mahali pa ulimi, upana wa taya na ulegevu wa koo huathiri kasi na umbo la hewa inayofika midomoni, na ndiyo maana kuziwazia irabu kuna faida ya kweli.

Shika B iliyo kwenye mstari wa katikati wa mistari mitano, noti ambayo wengi huianza nayo filimbi, na uipulize ukiwaza a, e, i, o, u kwa zamu, bila kuondoa midomo mahali pake. Kwa «a» na «o», ulimi uko chini na kinywa kina nafasi, na sauti huelekea kuwa pana. Kwa «i» ulimi huinuka, na sauti huelekea kukusanyika na kung'aa. Usijaribu kulazimisha tofauti iwe kubwa. Baada ya kuizoea, rudi kwenye mshororo na uache irabu za maneno zikuongoze. Utaona kwamba «Upepo» lina rangi yake na «mashua» ina yake, na wimbo hautakuwa na sauti moja iliyopakwa juu ya kila kitu. Onyo moja tu: kwenye oktavu ya tatu wengi hukaza koo wakiwaza «i». Huko ni salama zaidi kuwaza «u» yenye koo lililolegea na kuacha kasi ya hewa itoke tumboni.

Daraja kati ya C na D

Waimbaji wanajua mahali ambapo sauti ya kifua inahamia sauti ya kichwa, na mwimbaji mzuri hutumia miaka kulificha daraja hilo. Filimbi nayo ina daraja lake, na katika mshororo wetu liko kati ya silabi «na» na «pu». C ya katikati hushikwa kwa kidole cha shahada cha kushoto na kidole cha mwisho cha kulia tu. Kwenda D iliyo juu yake, vidole sita hushuka kwa mpigo mmoja, kikiwemo gumba la kushoto, na vile viwili vilivyokuwa chini hunyanyuka. Hewa iliyokuwa ikitetema katika kipande kifupi cha bomba sasa inatetema karibu katika bomba zima, tena kwa kugawanyika sehemu mbili. Ndiyo sababu C hutoka nyembamba na D hutoka nzito au yenye ukungu, na neno «unapuliza» huvunjika katikati.

Kwanza imba «napu, napu, napu» ukihakikisha kwamba ni neno moja linalopita. Kisha piga C na D bila ulimi, ukiipa C kinywa cha «o» ili iwe pana, na ukiiongezea hewa kasi kidogo tu kabla ya vidole kushuka, wala si baada ya kushuka. Vidole vishuke pamoja na kwa upole. Vikigonga, mlio wa vitufe utasikika kuliko noti. Ukiweza kuzifanya noti hizi mbili zisikike kuwa zimetoka kwa mwimbaji mmoja, ongeza E ya «li», kisha urudi D kwa «za».

Baada ya mshororo kukaa vizuri kwenye G, uhamishe do nusu toni moja chini, kisha nyingine, mpaka ufike C, ambapo mshororo wote uko kwenye noti za chini zinazohitaji hewa ya joto na tundu la midomo lililo tulivu. Halafu panda kutoka G hadi D ya katikati. Maneno hayabadiliki, uzito haubadiliki, miguso ya ulimi haibadiliki. Kinachobadilika ni kazi ya midomo, na sikio lako litakataa lenyewe kila mahali ambapo «inarejea» imepoteza maana yake kwa sababu ufunguo ni mgumu. Hii ndiyo njia ya Moyse, na sijaona njia nyingine inayofunua udhaifu wa sauti kwa haraka namna hii.

Pumzi, na sauti inayotetema

Mshororo wa mizani 16 upigwe kwa pumzi moja unapoweza. Usipoweza, pumzi ivutwe baada ya ukwapi, kwenye koma, na si pengine. Kamwe usivute pumzi ndani ya neno. Mwanafunzi ambaye sekunde nane zinamshinda asiharakishe mwendo. Apunguze tundu la midomo, kwa kuwa mara nyingi tatizo ni hewa inayopotea pembeni ya ukingo na wala si mapafu madogo. Mwendo ukishakuwa rahisi, ongeza hadi sekunde kumi, kisha kumi na mbili. Pumzi ivutwe kwa mdomo uliofunguka kama unaosema «a», mabega yakiwa yametulia.

Mtetemo wa sauti, yaani vibrato, uje mwisho. Waimbaji wengi waliofunzwa hutetema takriban mara tano hadi saba kwa sekunde, na wapiga filimbi hukaribia hapo. Unaweza kujizoeza kwa metronomu, yaani kifaa cha kuhesabia mapigo, ya mapigo 60 kwa dakika, ukisukuma hewa mara tatu, kisha nne, kisha tano kwa kila pigo. Lakini ukirudi kwenye wimbo usiuweke mtetemo kila mahali. Waimbaji wa zamani wa taarabu huianza noti ndefu ikiwa imetulia, kisha huiacha itetemeke inapokaribia kuisha au inapobeba neno lenye uchungu. Noti fupi za kupitia zisiwe na mtetemo wowote. Anayetetemesha kila noti hana tena kitu cha kuongeza neno kuu linapofika.

Kuna nyimbo, hasa za taarabu ya zamani, zinazofuata maqamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya noti ambayo wimbo hujengwa juu yake. Maqamu ya hijazi ndiyo rahisi kuliko nyingine kwa filimbi hii: kuanzia D, noti nne za kwanza ni D, E-bemoli (E iliyoshushwa nusu toni), F-dizi (F iliyopandishwa nusu toni) na G, na uwazi mkubwa ulioko kati ya E-bemoli na F-dizi ndio unaobeba huzuni yake. Uimbe uwazi huo kwanza, ukisema «ewe», mpaka sikio liupende. Maqamu zenye robo tatu za toni, kama rasti na bayati, zinahitaji midomo kuishusha noti kidogo, kwa kugeuza filimbi kuelekea ndani au kwa kuinamisha mkondo wa hewa, na zisijaribiwe kabla ya mwisho wa neno kutulia katika kimo chake.

Hali ya hewa ya hapa

Joto la Tanga lina neno lake katika jambo hili. Hewa iliyomo ndani ya filimbi ikiongezeka joto kwa nyuzi 10, sauti hupanda kwa karibu theluthi ya nusu toni, na filimbi nyingi zimetengenezwa kwa kiwango cha A ya mitetemo 440 kwa sekunde au zaidi kidogo, kwa kupimwa mahali pa baridi kuliko hapa. Vuta kichwa cha filimbi milimita chache baada ya kupasha chombo moto kwa pumzi. Usivute kupita kiasi, kwani noti za bomba fupi kama C na C-dizi zitashuka kuliko nyingine, na daraja lako litaharibika. Chumvi ya upepo wa bahari huchafua fedha na unyevu huvimbisha pedi za vitufe, kwa hiyo futa ndani kwa kitambaa kila umalizapo, na usiiache filimbi dirishani.

Kujisikiliza, na kupiga pamoja na mwimbaji

Nusu saa kwa siku inatosha kwa mazoezi haya, nje ya skeli na vipande vingine. Itumie zaidi kwa kuimba na kwa mwisho wa maneno. Mara moja kwa wiki weka simu umbali wa mita mbili, urekodi mshororo mara ya kwanza kwa kuimba na mara ya pili kwa filimbi, kisha uzisikilize zote mbili zikifuatana. Usiulize kama sauti ni nzuri. Uliza kama uzito uko kwenye maneno yaleyale, kama pumzi imevutwa mahali palepale, na kama silabi ya mwisho ya filimbi imeisha kama ile ya mdomo. Tofauti utakayoisikia ndiyo kazi ya wiki inayofuata. Nyumba zetu zimekaribiana, hivyo chagua saa ambayo haigongani na sala wala na usingizi wa watoto wa jirani.

Mshororo ukishakuwa wako, tafuta mwimbaji. Wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoko Bagamoyo tangu mwaka 1981, hupata nafasi hiyo kirahisi kwa kuwa waimbaji na wapiga ala wako pamoja. Hapa Tanga kwaya na vikundi vya taarabu vinaweza kuwa mlango. Mwombe aimbe shairi zima, na wewe umfuate kwa sauti ndogo kuliko yake katika oktavu ya juu, ukivuta pumzi anapovuta. Usiongeze mapambo yoyote. Mara ya pili nyamaza anapoimba, na umjibu baada ya kila mshororo kwa kurudia utao wake, kama fidla na nai zinavyofanya katika taarabu. Angalia uso wake unapojibu «mashua inarejea»: akikusubiri umalize kabla ya kuanza mshororo unaofuata, ameyasikia maneno, akianza juu ya noti yako ya mwisho, kuna uwezekano kwamba umeisukuma silabi ya mwisho au umechelewa kuifunga, na hapo mrudi pamoja kwenye «je-a», yeye akiimba na wewe ukipuliza, mpaka noti zenu ziishe kwa wakati mmoja na katika kimo kimoja.